Madhara Yasiyochechemea

Mtoto akitoka wodini baada ya malaria kumpanda kichwani, mtaa mzima hupumua. Hapa Maisaka, Babati, habari huja kwa simu, kisha akina mama huanza kuingia mmoja mmoja na sukari, unga, mche wa sabuni. Mtoto ameamka. Ameomba uji. Amemtambua mama yake. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo, na sidhani kuna mwenye moyo wa kuuliza zaidi siku kama hiyo.

Swali jingine hujitokeza miezi mingi baadaye. Mtoto anatumwa dukani akalete chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi peke yake. Anaanza kunakili ubaoni, akifika katikati ya sentensi anapotea. Akikasirika, hatulii upesi kama zamani. Mwalimu anasema ni mzembe, baba anasema ni kiburi. Bibi yake, anayelala naye chumba kimoja, ananiambia neno ambalo nimekwisha kulisikia katika nyumba nyingine pia: “Mwanangu, huyu siye niliyempeleka hospitali.”

Wapo watu waliolifanya neno la bibi huyo kuwa kazi ya maisha yao. Fani yao ni nyurosaikolojia tiba, yaani elimu ya kupima namna ubongo uliougua au kuumia unavyofikiri, unavyokumbuka na unavyojitawala. Daktari wa ubongo hutafuta jeraha lilipo. Huyu mwingine hukaa na mgonjwa mezani, pengine asubuhi nzima, akitafuta kilichosalia: maneno mangapi mtu anaweza kuyashika kichwani kwa pamoja, anaweza kusikiliza kwa muda gani kabla mawazo hayajamkimbia, anaweza kupanga hatua tatu za kazi moja, anaweza kujizuia asijibu kabla ya kuulizwa. Ni kazi ya polepole. Kwa nchi zetu ni kazi adimu, na nimekuwa nikiwasoma wachache walioifanya Afrika Mashariki na Kongo kwa hamu ya mtu anayetafuta majibu ya watoto wa jirani zake.

Mmoja wao ni Michael Boivin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Ukiyapanga maandiko yake kwa miaka, utaona njia iliyopita katika mambo ambayo sisi tunayaita ya kawaida. Mwaka 1993, yeye na Bruno Giordani waliandika kuhusu watoto wa shule wa Zaire waliopewa dawa za minyoo na madini ya chuma, wakaonyesha kuwa alama zao katika vipimo vya akili zilipanda. Baadaye akaandika kuhusu watoto wa Senegali waliopona malaria ya ubongo. Kisha Uganda, malaria tena, na watoto wanaoishi na VVU. Kisha Kongo, muhogo. Minyoo, upungufu wa damu, mbu, virusi, chakula cha njaa: mtu amechukua orodha ya dhiki za kijijini, akaziuliza moja baada ya nyingine zinachukua nini katika akili ya mtoto. Sijui orodha nyingine ya utafiti inayonigusa kuliko hii. Magugu, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwenye barabara ya Arusha, tunajivunia mpunga, na palipo na majaruba ya mpunga mbu hawakosi.

Uganda ndiko bibi wa Maisaka alikopata mashahidi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kundi la watafiti wakiwamo daktari Chandy John, Boivin, na Paul Bangirana wa Chuo Kikuu cha Makerere liliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliokuwa wamezimia kwa malaria ya ubongo wakapona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miaka miwili baada ya kuugua, asilimia 26 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la akili kati ya yaliyopimwa. Kwa watoto wa mitaa yao ambao hawakuugua, kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 8. Mtoto mmoja kati ya wanne, basi. Hao ndio wale tuliowapelekea sukari na unga tukamshukuru Mungu, na shukrani ilikuwa haki yake. Lakini mahesabu yetu yalikuwa yamefungwa mapema mno.

Bangirana alikwenda mbele zaidi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha habari za watoto wa chini ya miaka 5 ambao malaria iliwamaliza damu mwilini. Hawa hawakuzimia. Hakukuwa na ile picha ya kutisha ya degedege inayowafanya watu wakimbizane usiku kutafuta gari au mganga. Walikuja weupe viganjani, wakaongezewa damu, wakarudi nyumbani. Hata hivyo, walipopimwa baadaye walikuwa nyuma ya wenzao. Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya, kwa sababu watoto wa namna hiyo ni wengi kuliko wanaozimia, na hakuna hata bibi anayewatilia shaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya Kongo, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo zima.

Kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa mpaka wa Angola, kuna eneo la Kahemba. Watu wake wanakula muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na akina mama wanajua tangu enzi za bibi zao kuwa lazima ulowekwe siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Mwaka wa ukame, au wa vita, au wa biashara inayodai magunia haraka, siku za kuloweka hupunguzwa. Mwili wenye protini ya kutosha unaweza kuiondoa sumu kidogo kidogo, ila katika miaka kama hiyo hakuna nyama, samaki wala maharage. Kisha asubuhi moja mtoto aliyelala mzima anaamka miguu imekakamaa. Haitanyooka tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na sisi Watanzania si wageni nao: mwaka 1985, wakati wa ukame, uliwapata watu wa Tarime, na miongoni mwa walioueleza kitaalamu ni William Howlett, daktari wa ubongo ambaye watu wengi wa kaskazini wanamfahamu kwa miaka yake ya KCMC Moshi.

Boivin alikwenda Kahemba pamoja na Desire Tshala-Katumbay, Mkongo, daktari wa ubongo. Waliwapima watoto wenye konzo. Waliwapima pia watoto wa majirani, wa vijiji vilevile, wanaokula kutoka vinu vilevile, ambao miguu yao ilikuwa mizima kabisa. Halafu wakawapima watoto wa kijiji kingine ambacho konzo haikufika. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa wenye konzo walikuwa na upungufu wa akili, jambo ambalo labda mtu angelitegemea. Ila na wale wa miguu mizima, waliokuwa wakikimbia na kucheza mpira, nao walikuwa chini ya watoto wa kijiji kisichoguswa. Sumu ilikuwa imewafikia wote. Kwa baadhi tu ndiyo ilijitangaza kwenye miguu.

Mtoto anayechechemea hupata fimbo, hupata huruma, hupata mtafiti na picha yake ikapelekwa kwenye mkutano. Mwenzake anayekimbia hupata viboko kwa kushindwa hesabu. Sioni namna ya kumtambua huyu wa pili isipokuwa kukaa naye, kumuuliza kwa subira, na kumlinganisha na mtoto aliye katika maisha kama yake.

Kumuuliza nini, basi, na kwa namna gani? Vipimo vingi vya akili vilitengenezwa kwa watoto wanaokua na vitabu vya picha, mafumbo ya mbao na kalamu za rangi. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alilionyesha tatizo hili mwaka 1979 kwa njia ninayoipenda. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ileile ya kuiga umbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda, kwa maana ni watoto waliokua wakijitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Mtafiti aliyekwenda na karatasi peke yake angerudi kwao na habari ya uongo kuhusu watoto wa Zambia, na angekuwa na takwimu za kuithibitisha.

Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakiwa na wenzao Watanzania, walifika Bagamoyo na kuchapisha kazi yao mwaka 2002. Waliwapima watoto wa shule, wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kukabiliana na maswali yale, wakawapima tena. Alama zilipanda. Kumbe sehemu ya kilichoonekana kuwa upungufu wa akili ilikuwa ugeni wa swali. Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, kundi hilohilo lilikwisha kuona jambo lingine la kufikirisha: watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba zinazotibu minyoo na magonjwa ya kwao walielekea kupata alama za chini zaidi katika msamiati wa shuleni. Mtoto ana saa zilezile kwa siku. Aliyezitumia kwa babu porini hakuwa mjinga, na mtihani haukuwa na mahali pa kuandika alichokipata.

Ndiyo maana naiheshimu mno kazi ya Kilifi. Huko pwani ya Kenya, Penny Holding na Amina Abubakar, ambaye sasa ni profesa katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, walitengeneza na kuchapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35: anavyojongea, anavyoshika, jicho linavyoongoza mkono. Kimejengwa juu ya vitu vinavyopatikana nyumbani na juu ya maisha ya mtoto wa Kilifi, kiasi kwamba hakihitaji sanduku la gharama kutoka ng’ambo. Kazi ya namna hiyo haileti jina kubwa haraka. Mnashinda miezi mkikubaliana kama neno fulani la swali linaeleweka na mama wa kijijini, mnalibadilisha, mnajaribu tena, na mwisho mna kurasa chache. Kurasa hizo chache ndizo zinazomwezesha mtu kusema kwa haki kuwa mtoto huyu amedhurika, wala si mgeni tu wa mchezo.

Na kwa wazee liko jambo lililofanyika karibu nasi zaidi, wilayani Hai, Kilimanjaro. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba kwa watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea walikuta ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu kwa asilimia 6.4 yao. Ili kuwapata watu hao bila mashine na bila kalamu, likatengenezwa jaribio fupi linaloitwa IDEA. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Anatakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi, na baadaye anaombwa ayakumbuke. Kisha mpimaji anatoa njiti nne za kiberiti, anazipanga juu ya meza zikielekea huku na huku, na anamwomba mzee apange zake vivyo hivyo. Mzee ambaye hajapata kushika penseli maisha yake yote ameshika njiti za kiberiti maelfu ya mara. Vidole vikisita hapo, tunajua kuwa kusita kumetoka ndani, hakukuletwa na sisi.

Hata jaribio zuri kama hilo litahitaji mtu anayejua mahali alipo. Mzee wa Kibarabaigi ukimwambia ataje wanyama, sitashangaa akianza na ng’ombe wake, mmoja mmoja, kwa rangi ya ngozi na mkunjo wa pembe, na dakika ikamwishia bado yumo zizini mwake. Kwenye karatasi atakuwa ametaja mnyama mmoja. Na mtoto wa Maisaka anaweza kuwa anaota kwa Kigorowa au Kiiraqw, anacheza kwa Kirangi na watoto wa jirani, na anajibu maswali kwa Kiswahili cha shule. Atakayempima lazima ajue ni lugha ipi inayobeba uzito wa kufikiri kwake. Hakuna profesa anayeweza kulijua hilo kutoka mbali. Anaweza kulijua mtu wa hapa, akifundishwa.

Mkoa wetu wenyewe hauko nje ya habari hizi. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, iliyoanza mwaka 1955 chini ya Walutheri, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vilivyowafuatilia watoto tangu kuzaliwa katika utafiti wa MAL-ED, wakiangaliwa wanavyokula, wanavyoharisha, wanavyokua, na akili zao zinavyofunguka. Haydom hiyohiyo, daktari Andrea Winkler na wenzake walichunguza watu wenye kifafa, wakakuta kuwa kwa sehemu isiyo ndogo chanzo kilikuwa mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kwa njia ya uchafu na kuacha vifuko ndani ya ubongo. Kwa mkoa unaopenda kitimoto kama wetu, na wenye vijiji ambako nguruwe huzurura huku vyoo vikiwa haba, habari hiyo ilistahili kubandikwa kila bucha. Kinga yake ni choo, mikono safi, nguruwe bandani, nyama iliyoiva. Mara nyingi nimesikia kifafa kikitajwa kama aibu ya ukoo.

Na wapo vijana wa bodaboda. Babati ni njia panda: Arusha, Dodoma, Singida. Kijana huanguka, hushonwa, hupona kidonda. Kisha nyumbani wanaanza kusema amebadilika, anatukana wazazi, hawezi tena kutunza hesabu ya siku, fedha zinamtoka mkononi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia tusiseme kila linalotujia, na mara nyingi ndiyo inayoumia mtu akianguka na kugonga lami bila kofia. Wanaompeleka kwa mganga kwa tabia hiyo, na wanaomfukuza nyumbani, wote wanashughulika na jambo ambalo jina lake halijafika kwao.

Kuhusu tiba, nataka kuwa mwangalifu, kwa kuwa tumaini la uongo huumiza watu waliokwisha kuumizwa. Boivin na Bangirana walijaribu mazoezi ya kompyuta kwa watoto wa Uganda waliopona malaria ya ubongo, na watoto hao walipata nafuu katika baadhi ya vipimo, si vyote. Kilichonivutia zaidi ni njia nyingine isiyohitaji hata umeme. Inaitwa MISC, iliasisiwa na Pnina Klein wa Israeli, na Boivin na wenzake waliipeleka kwa walezi wa watoto wadogo wanaoishi na VVU nchini Uganda. Mlezi hufundishwa kufanya kwa makusudi yale ambayo uchovu na umaskini humnyima nafasi ya kuyafanya: kumwangalia mtoto anachokitazama, kukitaja, kueleza kinafanya nini, kumpa muda ajaribu, kumsifu kwa jambo mahususi. Inafanyika wakati wa kumwogesha, wa kupepeta mchele, wa kuteka maji. Baada ya mwaka mmoja, kama walivyochapisha mwaka 2013, watoto wa walezi hao walikuwa wamepiga hatua kiakili kuliko wenzao. Mihogo ya Kahemba nayo ina dawa yake ya jikoni, aliyoieneza Mwaustralia Howard Bradbury: unga unaloweshwa maji, unatandazwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sianidi inapaa hewani kabla ya ugali kupikwa.

Muhimbili wanafundisha saikolojia tiba, na vijana wanahitimu. Ningependa mmoja wao apewe meza katika hospitali ya mkoa hapa Babati, na kazi yake iwe kuwaita tena, baada ya miezi sita, watoto waliotoka wodini na malaria kali. Hahitaji jengo. Anahitaji muda, kiti cha bibi, na ruhusa ya kutokwenda haraka.

Mwalimu wa yule mtoto wa chumvi na kiberiti aliniuliza, tulipokutana sokoni, “Sasa mimi nimfanyeje, mzee wangu? Darasa limejaa.” Tulisimama pembeni ya magunia ya mbaazi tukazungumza. Apimwe kwanza masikio na macho, kwa sababu malaria ya ubongo inaweza kuvigusa hivyo pia. Akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Apewe agizo moja, alimalize, ndipo apewe la pili. Aruhusiwe kurudia agizo kwa sauti yake kabla ya kuanza. Maneno machache ya ubaoni ayapate yakiwa yameandikwa kwenye daftari na mwenzake. Mtihani wake uongezewe muda. Na asichapwe kwa kusahau. Mwalimu aliandika yote nyuma ya risiti ya duka, akaniuliza kama kuna mtu wa kumsaidia kujua ni mambo gani hasa mtoto ameyapoteza na yapi bado anayo. Nikamwambia kwa Babati simjui, lakini Mulago na Kilifi wanajua namna ya kuuliza, na tumeshakubaliana kuwaandikia.